Bawabu Aliyelala Kazini

Saa tisa alasiri, chumba cha nyuma cha duka la fotokopi. Shangazi anapangusa meza kwa kiganja, anaweka karatasi moja katikati na dadu mbili pembeni, kisha anagonga ubao wa meza.

"Hodi," anasema, akikitazama kiti kitupu kilicho mbele yake.

Huko dukani mashine inatema nakala za mtu. Mwanamke aliyeketi kando, mjane mwenye mtandio wa kijivu, anaukumbatia mkoba wake.

"Hajaamka," anasema Shangazi, kama anayemzungumzia mgonjwa wa chumba cha pili. "Tumsubiri kidogo."

Nisiwafiche wasomaji, hapo nilitaka kuaga. Mimi si mtu wa mambo ya gizagiza. Nilitumwa kuandika habari za mama mwenye kazi ya ajabu, nikajua nitacheka kidogo, ninywe chai, nirudi zangu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna michezo ya mezani ambamo kila mchezaji hujitungia mtu wake, akamsemea na kumwamulia, na dadu zikatoa hukumu. Nguvu za mhusika huyo, ujanja wake, hata usingizi wake, huandikwa kwa namba kwenye karatasi. Kila mchezo una kitabu chake cha kanuni. Wachezaji wakihamia kitabu kingine, namba za zamani hazifai tena, na hapo ndipo huitwa Shangazi awahamishe wahusika.

"Ni kama kuhama nyumba," anasema. "Kitanda kilichopita mlango wa kule, hapa hakipiti. Unakifungua, unakiunga upya. Ila kiwe kitanda kilekile, kisije kuwa benchi!"

Humwita Shangazi hata wanaomzidi umri. Aliianza kazi hii baada ya kupunguzwa kwenye ukarani wa ghala. Malipo ya mhusika mmoja hayazidi nauli ya kwenda mjini na kurudi. Fotokopi ndiyo inayolipa pango. Mhusika wake mwenyewe, Mkunga, bado yumo kwenye kitabu cha zamani.

"Kinyozi hajinyoi," anacheka.

Ana desturi moja. Kabla ya kumhamisha mhusika, humketisha mchezaji mbele yake, akagonga meza na kubisha hodi. Mchezaji lazima aitikie kwa sauti na maneno ya mhusika wake. "Simhamishi mtu bila kumuuliza. Wewe ungependa ubebwe usingizini?"

Aliivunja desturi hiyo mara moja tu, na ndiyo maana mjane yuko hapa leo.

Mumewe, aliyefariki mwaka jana, alikuwa akicheza na rafiki zake sebuleni kwake kila Jumapili. Mhusika wake alikuwa Bawabu, mlinzi wa lango asiyesinzia. Alipokufa, wenzake hawakukubali Bawabu afe naye. Walimwachia kiti chake palepale sebuleni, wakawa wanamrushia dadu kwa zamu. Kitabu chao kilipochakaa wakahamia kingine, na mmoja wao, fundi cherehani, akaileta karatasi ya Bawabu kwa Shangazi.

"Mwenyewe hayupo. Nikasema, nimbishie hodi nani? Nikafanya haraka, na haraka mnajua haina nini."

Katika kitabu cha zamani, namba ndogo ndiyo bora. Kwenye kukesha Bawabu alikuwa na moja, hakuna wa kumshinda. Katika kitabu kipya, kubwa ndiyo bora. Shangazi aligeuza namba zote, hiyo ikampita. Moja ikabaki moja, na mlinzi asiyesinzia akawa wa kulala fofofo.

"Kosa la mwanafunzi," anasema, machozi yakimlenga. "Angeitikia, ningejua palepale."

Jumapili ya kwanza ya kitabu kipya Bawabu alilala langoni mchezo mzima. Asubuhi iliyofuata mjane aliukuta mlango wa nyumba yake uko wazi.

"Komeo nililifunga kwa mkono wangu huu," anasema. "Nikajiambia nimesahau. Kesho yake, wazi. Nikabadilisha komeo, wazi vilevile. Hakuna kinachoibwa, ila kiti cha mume wangu nakikuta kimegeuzwa, kinatazama nje. Mama mkwe anasema ni upepo. Upepo gani huo unaofungua komeo, jamani?"

Fundi cherehani ndiye aliyemwambia kwamba Bawabu siku hizi analala, akamwelekeza huku. Wanaishi wawili tu, yeye na mama mkwe. Ndugu zake wanamtaka arudi kwao. Anaogopa kulala humo, na anaogopa zaidi kuondoka. "Nikimwacha mama, atabaki na nani? Mwanawe keshaondoka."

Shangazi anafuta ile moja, anaandika namba kubwa kuliko zote. Anagonga tena.

"Hodi."

Mjane, ambaye hajawahi kucheza hata siku moja, anainuka taratibu na kuketi kwenye kile kiti kitupu. Sauti inayomtoka ni nzito, wala si yake.

"Nani wewe, na umetumwa na nani?"

Kalamu inamdondoka Shangazi. "Ni Shangazi. Nimekuja kukuhamisha."

"Pita."

Mjane anajishika mdomo. "Ndivyo alivyokuwa akisema kila Jumapili," ananong'ona. "Nilikuwa namsikia nikiwa jikoni, nikikasirika kwamba wananipigia kelele."

Simu yake inaita. Ni mama mkwe, na sauti yake tunaisikia sote.

"Mwanangu, umerudi saa ngapi? Nimetoka kuanua nguo, nakuta umenifungia komeo kwa ndani."

"Sijarudi, mama. Niko huku kwa Shangazi."

"Basi huyu anayeniuliza mimi ni nani, ni nani?"

Nimesogeza kiti changu karibu na mlango, siwezi kudanganya. Shangazi peke yake ndiye aliyetulia. "Mwambie ajitaje," anasema. "Bawabu humfungulia anayejitaja."

"Mjibu tu, mama. Usiogope."

Tunamsikia akivuta pumzi.

"Ni mimi," anasema. "Ni mama yako."

Komeo linalia, mlango unafunguka, na bibi huyo anaanza kulia kwa sauti.

Baadaye Shangazi anatoa karatasi ya Mkunga wake na kuisukuma mbele ya mjane. Anasema siku nyingi ametafuta mtu wa kumfundisha kazi hii, ili siku moja na yeye abishiwe hodi, Mkunga wake ahamishwe.

Mjane anafuta macho. "Njoo nyumbani Jumapili, tutaanza. Mimi siendi popote," anasema. "Ila mlango utakuwa umefungwa, Shangazi. Ukifika, ujitaje."