Mama Kipimajoto na Tangi Namba Tatu

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Kipimajoto anavua glavu ya kulia, anapanda ngazi kumi na nne za chuma na kusogeza mgongo wa mkono karibu na ubavu wa tangi namba tatu. Hagusi. Anafumba macho kwa heshima zote, kama anayesubiri tangi limwamkie.

"Sitini na mbili," anatangaza.

Chini, mhandisi kijana anatazama skrini. Sitini na mbili. Anaandika, kwa uso wa mtu aliyezoea kushindwa na shangazi zake.

Kwa miaka ishirini na mmoja mama huyu wa watoto wanne amepika gundi ya mbao kiwandani hapa. Gundi ikiiva hujipasha moto yenyewe; ikizidi themanini, hufura kama maziwa na kutafuta pa kutokea. Kovu la kiwiko chake ni kumbukumbu ya siku ilipopata pa kutokea. Nyumbani, bintiye analalamika, hupima vivyo hivyo chai, pasi na wachumba.

Mwaka huu matangi yote yalifungwa vitambuzi vya joto vinavyopeleka habari kwenye kompyuta. Kwa miezi mitatu ya majaribio, kitufe chekundu cha kufungulia maji baridi kilibaki kwake. Baadaye kompyuta ingejiamulia, naye angehamishiwa kufunga makopo.

"Kufunga makopo si dhambi," anasema. "Lakini mimi ni mpishi."

Wiki ya kumi, skrini ilisoma hamsini na tano. Mkono ulikataa. Mhandisi alimweleza kwa upole kwamba mashine haichoki wala haizeeki. Akibonyeza bila sababu, lita elfu mbili zitaharibika, na jina lake litakwenda nazo.

"Basi njoo uweke mkono wako hapa, mwanangu," akamjibu. "Tena ule unaoandikia."

Hakwenda. Mama akabonyeza. Kipimajoto kilipotumbukizwa ndani, kilisoma sabini na tisa.

Vifijo vilidumu mpaka walipopanda kutafuta kilichoipotosha mashine. Juu ya kitambuzi, kilichochomoza vizuri kabisa kama msumari wa ukutani, kilining'inia kitambaa cha kufutia jasho, kimelowa chepechepe na kukipoza. Cha maua. Kiwanda kizima kilimjua mwenyewe.

Hakujificha. Mbele ya meneja alisema, "Mashine haina kosa, nimeifunika mimi. Ila mkono wangu hakuufunika mtu."

Tangu hapo kila tangi lina vitambuzi viwili, vyote ndani ya vizimba vya waya. Mkono na skrini vikipishana kwa nyuzi tano, kazi inasimama mpaka sababu ijulikane. Habari za makopo zimekwisha.

Kila Jumatano anajifunza kompyuta kwa yule yule mhandisi, na Mama humpandisha kijana ngazi bila glavu. "Juzi alisema sabini, kumbe hamsini," anasema. "Ataiva tu."

Kabla ya kustaafu anataka kukalia kiti cha mbele ya skrini. Barua yake ya kwanza kuichapa mwenyewe imeshafika kwa meneja: anaomba msumari mmoja, mbali na tangi, wa kutundikia kitambaa.