Mtoto wa Jicho na Watoto Wengine Wote

Jamani, kompyuta ya maktaba ina ukaidi wa punda! Sista, muuguzi wa wodi ya macho aliyerudi chuoni ukubwani, aliketi mbele yake asubuhi nzima akitafuta makala, na alicholetewa ni watoto. Watoto wenye utapiamlo, watoto watoro, watoto waliozaliwa kwa upasuaji.

"Nimekuuliza nini, unanijibu nini?" aliifokea, mpaka meza ya pili wakageuka.

Mama yake mzazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, ukungu umetanda hadi anapapasa ukuta kwenda chooni. Sista alimtoa kwake, alikokuwa akiishi peke yake, akamweka chumba kimoja na wajukuu. Daktari alishaonya: wakizidi kuchelewa, presha ya jicho itapanda na kuona hakutarudi tena. Mama hataki. Sista kabembeleza weee, "Ukipona tu, mama, nakurudisha kwako ukajitawale," lakini wapi! Mama anakaza uso na kusema macho ni yake. Wagonjwa wa watu Sista anawashawishi wanakubali, kwa mama yake kagonga mwamba. Mganga hajigangi. Basi akaamua utafiti wake wa chuo uwe juu ya jambo hilohilo, huenda wasomi wana dawa ya ukaidi.

Mkutubi akaja, akainama, akasoma alichoandika Sista: "Kwa nini mama anakataa kupasuliwa mtoto wa jicho." Kicheko kikamponyoka.

"Unacheka nini, kaka?"

"Sista, hii inaokota neno mojamoja. Umeipa mama, umeipa kupasuliwa, umeipa mtoto. Ungekuwa wewe ungeleta nini?"

Sista akafyonza. "Uzazi."

"Haya basi. Maneno 'mtoto wa jicho' yafunge kwa alama za kunukuu, yasiachane. Mama mtoe, waandishi wanasema wagonjwa. Kukataa kuongezee AU kusita, AU kuogopa, ilete lolote kati ya hayo. Hiyo 'kwa nini' iache nyumbani."

Watoto wote wakatoweka, zikabaki makala chache. Sista akasoma huku hasira zikimpanda. Huyu anataja woga wa kisu. Mama yake haogopi kisu. Yule anataja nauli, nauli ipo. Ya tatu ndiyo iliyomchefua kabisa: wauguzi walieleza kwa kirefu sababu za wagonjwa kukataa, ila karibu wote hawakuwahi kuwauliza wagonjwa wenyewe.

"Kha! Eti kuuliza!"

Njia nzima alibishana na ile makala. Amemwambia mama, amemgombeza, amempigia daktari simu amsemeshe. Kumuuliza je? Hilo hajawahi, na likamuudhi zaidi.

Alimkuta mama kitandani anakunja nguo za wajukuu, akitafuta mikono ya shati kwa vidole.

"Mama, leo sikubembelezi wala sigombi. Nakuuliza tu. Kwa nini hutaki?"

Mama hakuacha kukunja.

"Si umesema mwenyewe, mwanangu, nikipona unanirudisha kwangu? Haya, na kule nitamtazama nani?"