Rukia na Watu wa Ngazi ya Kwanza

Rukia binti Zubeiri ni fundi cherehani pale Murongo, hatua chache kutoka barabara iendayo mpakani. Babu yake alitoka Pangani akiuza vitambaa, akaoa huku, na kazi ya nguo haijatoka katika ukoo mpaka leo. Siku sita za juma Rukia hushona sare za shule na magauni ya harusi. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, huifunika cherehani, akaivuta katikati ya chumba ile meza kubwa ya kukatia vitambaa, na mchezo ukaanza.

Mchezo huo alifundishwa na binamu yake Hanifu, aliyekuwa akisoma Mbarara. Hauna ubao. Mmoja husimulia nchi ya kubuni, yenye majoka na wachawi na wafalme. Wengine kila mmoja ana mtu wake humo, humsemea na kumwamulia la kufanya. Penye shaka hurushwa dadu ya pande ishirini. Mtu huanzia ngazi ya kwanza, mnyonge kabisa, na kila akishinda jambo zito hupanda. Ngazi ya mwisho ni ya ishirini. Msimulizi ni Rukia. Kanuni alizikuta katika kitabu cha Kiingereza, akazitia Kiswahili mwenyewe kwenye daftari.

Wachezaji wake walikuwa watatu: mwalimu Adelard; Margreth, mzaliwa wa Ihembe, ambaye wengi humwita Mama Joviness na ana shamba la migomba na kahawa; na mzee Bainomugisha, mfugaji, aliyekuja kwa pikipiki kutoka malishoni, galoni ya maziwa imefungwa nyuma.

Mwaka wa kwanza walitumia Jumapili nzima kuvuka mto wenye mamba mmoja. Walihesabu mishale. Mtu wa Adelard aliliwa na fisi, na Adelard mwenyewe akaenda nyumbani amenuna. Lakini walizidi kupanda, na mwaka wa nne walikuwa ngazi ya kumi na saba. Mchawi wa Margreth sasa aliruka angani na kugeuza mito. Kuhani wa Bainomugisha aliweza kufufua wafu.

Hapo ndipo kazi ya Rukia ilipokuwa ngumu. Alikaa juma zima akibuni ngome yenye milango saba, kila mlango na mtego wake. Margreth akasema, "Naupasua ukuta," na ngome ikaisha kabla chai haijapoa. Rukia akaleta joka. Likashindwa, akaleta kubwa zaidi. Hakumwambia mtu, ila ikifika Ijumaa alijisikia kuchoka.

Mwezi wa nne mama yake Bainomugisha alifariki, baada ya kuugua muda mrefu. Rukia, Adelard na Margreth walikwenda kuzika. Bainomugisha hakuonekana mezani Jumapili tano. Ya sita akaja.

"Shikamoo mzee," Rukia alimwamkia. "Karibu tena."

"Marahaba. Nimekaa sana peke yangu."

Siku hiyo Rukia alikuwa amepanga joka limuue Nikuze, bibi kizee wa mchezoni aliyewaongoza njia tangu ngazi ya kwanza. Joka likamuua. Kwa Rukia lilikuwa jambo dogo, kwa sababu huko juu kifo kilifutwa kwa sala moja.

"Mzee, mfufue tuendelee," Margreth alisema, akichota karanga.

Bainomugisha aliitazama karatasi yake yenye uwezo wote wa kuhani wake. "Siwezi."

"Unaweza. Si imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa, Mama Joviness. Naomba nisifanye."

Margreth aliiacha karanga mezani. Rukia alihisi uso unawaka. Alikuwa ameyapanga yale siku tatu nzima na hakuukumbuka msiba wa mzee hata mara moja.

"Nisamehe mzee," alisema. "Sikufikiri."

"Hujakosa. Huko juu mchezo ndivyo ulivyo. Ila mimi natamani turudi chini, pale mtu akiumwa tunahangaikia dawa, na ikikosekana imekosekana."

Adelard alikubali. Margreth hakukubali.

"Mimi chini niko kila siku," alisema. "Nalima chini, nachota maji chini. Jumapili naruka. Sasa hata hapa mnataka nitembee kwa miguu?"

Margreth alichukua khanga yake akaondoka, na Jumapili mbili zilizofuata hakuja.

Jumatano moja Rukia alifunga duka akamfuata shambani. Alimkuta akichuma kahawa, naye akashika kikapu. Walichuma safu nzima kabla hawajaligusa jambo lenyewe.

"Mchawi wako sijamtupa," Rukia alisema. "Nimemhifadhi kwenye bahasha na wenzake. Idi na Krismasi tutawatoa, na nitawatafutia kazi inayowafaa, si kuvunja milango tu."

"Na siku nyingine niwe nani?"

"Yeyote umtakaye. Ila mnyonge."

Margreth alimpa punje za kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni, akasema ataona.

Jumapili alikuja na mtu mpya: muuza chumvi, mwanamke, silaha yake fimbo. Bainomugisha alikuwa mchungaji, Adelard mpiga ngoma. Njiani walikutana na mbwa mmoja mwenye njaa. Mwaka uliopita mbwa huyo asingetajwa hata jina. Sasa Adelard alihesabu uhai wa mpiga ngoma wake akakuta unaisha kwa pigo moja tu. Hakuna aliyetaka kushika dadu.

"Nina nini mfukoni?" Margreth aliuliza.

Rukia alisoma. "Chumvi, kamba, dagaa wakavu kiganja kimoja."

"Namtupia dagaa. Nachuchumaa, simwangalii machoni."

Alirusha dadu: kumi na nne. Mbwa alikula, akanusa fimbo, akaketi. Bainomugisha alicheka kwa sauti, jambo ambalo hawakuwa wamelisikia tangu msiba. Margreth aliuliza kama mbwa anaweza kuandikwa kwenye karatasi yake, na Rukia akamwandikia.

Mpaka sasa wako ngazi ya tatu. Mbwa bado anawafuata, na hula kuliko wote.