Kiko Alichokivunja Mama

Nakumbuka siku moja ya masika, nikiwa kijana, nilishuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba ya wazazi wangu kule Kakese, kiko mfukoni, na furaha ya fundi aliyemaliza kazi yake vizuri. Laiti mnyororo ungalikatika njiani. Nakusimulia haya, mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, kwa sababu umeniwekea kiko cha babu yako hapa mezani kwangu, mjini Kashaulili, kimekatika shingo, na unataka nikufundishe kukiunga ili umfurahishe mzee. Kaa kwanza. Kiko hakikimbii.

Ugonjwa huu wa viko unaokuanza wewe mimi niliupata mapema. Kila mnada nilizunguka nikiuliza nani ana kiko kikuukuu, hasa vile vya kizungu vilivyochongwa kwa mzizi mgumu, na watu walinipa kwa bei ya bure. Nani anataka kiko chenye alama za meno ya marehemu? Nilikwangua masizi kwa kisu butu, nikapiga msasa, nikamalizia kwa nta ya nyuki mpaka vikang'aa. Nikavipanga ukutani na kuvitazama kama mfugaji anavyotazama ng'ombe wake. Wenzangu walisema nitaoa kiko.

Baba yangu alilima tumbaku maisha yake yote. Aliivuna, akaikausha kwenye bani, lile banda la moto, na iliyobaki akaivuta. Kifua kikaanza kumbana. Zahanati walimwambia aache, akaitikia vizuri kabisa, akarudi nyumbani akawasha. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilijua anakohoa, lakini nilijiambia wazee wote wanakohoa, nikarudi mjini kwenye viko vyangu.

Siku moja nilikwenda kumsalimia nikamkuta amenuna kama mtoto. Mama alikuwa shambani. Baba akatoa kitambaa chini ya mto, na ndani yake kiko chake, vipande viwili.

"Kilianguka," akasema. "Wewe si fundi? Kiunge, mwanangu. Nimekuwa kama mtu asiye na mkono."

Sikuuliza kilianguka wapi. Kile kiko kilikuwa kimepondwa shingoni, na kiko hakiangukii shingo. Jicho langu liliona, ila mawazo yalikuwa yameshaanza kupanga kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikujua kwamba upo ufa uliopigwa makusudi, na anayeuziba ndiye anayebomoa nyumba.

Nilikiunga kwa gundi, nikakivisha pete ya shaba niliyoikata kwenye jiko bovu la pampu. Sijafanya tena kazi nzuri kama ile. Nilipomkabidhi siku ile ya masika, baba alikipapasa, akacheka, machozi yakamtoka. Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. Akamtazama baba, akanitazama mimi, kisha akaendelea kusonga. Nilidhani ni moshi tu umemwingia machoni.

Baba hakuumaliza msimu uliofuata. Mwishoni alilala ameketi, maana akijilaza pumzi inakatika. Alivuta hewa kwa sauti ambayo hata leo nikiisikia kwenye pampu ya baiskeli, huondoka nikaenda mbali. Sitakupambia, mwanangu, baba yangu alikufa vibaya, na mimi mwanawe niliogopa kumshika mkono.

Siku ya kuanua matanga, mama aliniita nyuma ya nyumba, penye jiwe la kusagia. Akanipa kile kiko.

"Nilikipiga hapa," akasema, akiligusa jiwe kwa mguu. "Akaninunia, haya, nikavumilia. Lakini alikuwa ameanza kutembea mpaka kwenye bani bila kupumzika. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza. Wewe ulitengeneza kiko. Mimi nilikuwa namtengeneza baba yako." Akanifumba vidole juu yake. "Kichukue. Kizima kabisa, hakina hata ufa."

Hakupandisha sauti, na hakulirudia neno hilo mpaka naye tukamzika. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuwa mkubwa sasa, tunaishi naye. Kiko chenyewe ni kile pale juu ukutani, peke yake. Wateja wanakiulizia sana. Sikiuzi na sikivuti.

Sasa nisikilize. Gundi, msasa na nta nitakufundisha, hizo ni kazi za mikono, hata simu yako inazijua. La kwangu mimi mzee ni hili: kabla hujaunga kilichovunjika, uliza nani alikivunja, na alikuwa analinda nini. Usimuulize anayekitaka peke yake, kwa sababu mwenye hamu hatakwambia kweli. Muulize yule anayenyamaza ndani ya nyumba. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni huu wangu, wa kumpenda mtu kwa kumpa kila anachokililia.

Basi kifunge kiko chako kwenye kitambaa. Nenda nyumbani, mwamkie bibi yako, umwonyeshe pale kilipokatika, halafu umtazame usoni. Akikwambia kilianguka, rudi nacho kesho, tutakiunga pamoja. Akinyamaza, kiache huko huko, hata babu yako akununie mwaka mzima.

Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo usioona haya kuuliza. Na babu yako, Mungu amjalie pumzi ya kutosha kukugombeza. Nenda, mwanangu, kabla hajamtafuta fundi mwingine.