Waliokuja Kuposa Sahihi ya Binti Yangu

Mimi ni fundi wa kuunda mabodi ya malori na mabasi hapa Songea. Shule niliishia darasa la nne. Nililima tumbaku Namtumbo nikaona moshi wake wanafaidi wengine, nikaja mjini kuziba pancha. Kutoka pancha nikaingia kwenye kuchomelea, na leo nina karakana yangu yenye geti la chuma nililolichomelea mwenyewe. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Anayebisha karakana ipo wazi kila siku isipokuwa Jumapili, aje.

Karakana yangu ina sheria moja. Lori likishawekwa bodi jipya, safari ya kwanza fundi aliyefunga boliti anapanda nyuma, na mimi niliyekagua napanda pamoja naye. Tunapakia mzigo, tunakwenda Namtumbo, tunarudi. Wateja wengine wanacheka. Wacheke.

Safari moja ya namna hiyo nilimwona fundi wangu amekumbatia nguzo ya bodi kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na lori lilikuwa halijafika hata kwenye mteremko. Nikagonga bati, dereva akasimama. Nikashuka na spana, nikajaribu boliti za upande wake. Zilikuwa zimekazwa kwa vidole. Alishuka akarudi mjini kwa miguu, na kesho yake hakuja. Tangu hapo, kabla sijaangalia boliti, naangalia uso wa aliyeifunga.

Binti yangu wa mwisho alikulia humo karakanani. Yeye shule hakuishia njiani kama mimi. Alisoma mpaka nikachoka kuulizwa amefika wapi, akaajiriwa Dar es Salaam kwenye ofisi inayokagua ndege. Nilimwuliza kazi yenyewe ni nini, akanieleza kama unavyomweleza mteja. Ndege ya abiria haitoki kiwandani ikaanza kubeba watu kama baiskeli ya dukani. Kiwanda kinaikagua, nchi ya kiwanda inaikagua, na ikiletwa kwetu, sisi nao tunaikagua upya ndipo inapewa cheti cha kuruka. Wakaguzi wako wengi, kila mmoja na sehemu yake. Yeye sehemu yake ni kuta na milango.

"Yaani bodi," nikamwambia.

"Ndiyo, baba. Bodi."

Siku hiyo nilikunywa pombe ya komoni nikiwa na raha zangu.

Sasa ikaja habari kwamba Songea tunaletewa jeti. Ndege tuliyoizoea ni ile ya pangaboi, inayounguruma mpaka mbuzi wanahama. Hii ilikuwa mpya kabisa, imetoka kiwandani ng'ambo, na safari yake ya kwanza kuja kwetu ilipangwa Jumamosi. Ikaundwa kamati ya mapokezi. Wacheza ngoma ya lizombe wakaanza mazoezi uwanjani. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa mahindi mwenye sauti ya kuita watu kwenye mnada, alinipa heshima ya kuwa mmoja wa wazee watakaorudi nayo Dar siku hiyohiyo, mimi na mama watoto. Mke wangu hajawahi kupanda ndege. Miguu yake haivumilii tena basi la kutwa nzima, na kwa sababu hiyo alikuwa hajawahi kuona binti yake anaishi wapi.

Nilishonesha suti. Aliyenishonea ni mtani wangu, Mhehe aliyehamia hapa zamani akabaki, fundi cherehani mzuri mwenye mdomo mbaya. Na mimi sikukaa kimya. Kila nilipopita, stendi, sokoni, kanisani baada ya misa, niliwaambia watu kwamba ndege hiyo itakaguliwa na binti yangu. Nilisema ni kama ya kwangu.

Jumatano mke wangu alinipa simu. Binti alikuwa anaongea polepole.

"Baba, Jumamosi haiji."

"Mvua?"

"Mlango. Ule wa nyuma. Fremu yake, matundu ya ribiti si ya duara. Mtu alitoboa vibaya, akatoboa tena juu yake, akapiga rangi. Nimekataa kutia sahihi."

"Kiwandani hawakuona?"

"Karatasi zao zinasema wamekagua."

Nikamwambia aziweke karatasi hizo pembeni. Alisema ameshaziweka, tatizo ni wakubwa wake. Wanasema ndege imeshapokelewa Dar kwa shangwe, kiwanda ni kikubwa, na yeye ni nani. Wamempa mpaka Ijumaa. Asipotia sahihi, ataondolewa kwenye kazi ya ndege.

Redioni nilikuwa nimesikia kuna jeti huko nje iliyochomokwa na kipande cha ukuta ikiwa angani, abiria wakabaki wanaangalia mawingu bila kioo. Niliposikia nilimwambia mke wangu kwamba hapo kuna fundi aliyekaza kwa vidole. Basi nikajua binti yangu anaongelea nini: ribiti ndiyo pini inayoshika bati, na tundu lisilo la duara haliikazi.

Alhamisi mchana, wageni. Mwenyekiti wa kamati alitangulia, mtani wangu nyuma yake amebeba kuku jike mwekundu na kreti ya soda. Mtani alikuwa amevaa koti. Mtu akija kwangu na koti, kuku na soda, najua amefuata nini, ila mabinti wengine wa nyumba hii wameshaolewa, na huyo wa mwisho alishasema hataki kusikia.

"Hodi humu ndani," mtani akasema.

"Kuku apite, wewe subiri nje."

"Shikamoo, mzee," mwenyekiti akasema.

"Marahaba. Kaeni."

Walikaa. Mke wangu akaleta maji ya kunawa, kwa sababu ugali ulikuwa tayari na mgeni hakai nyumbani kwangu akiangalia watu wanakula. Mtani akakohoa kama mshenga.

"Mzee mwenzangu, sisi tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri kwenye nyumba hii."

"Ua liko Dar es Salaam. Umepotea njia, na si mara ya kwanza kwa watu wa kwenu."

"Tunajua liko Dar. Ua lenyewe hatulitaki. Tunataka sahihi yake tu."

Nilidhani ni utani. Nikamwangalia mwenyekiti, nikaona hacheki.

Akaeleza. Simu zimepigwa kutoka Dar kuja Songea, na kutoka Songea kwenda Dar. Wakubwa wa binti wamesema wamemshindwa. Kamati ikakaa, ikaona kwamba binti ana baba yake, baba yake yupo hapa, tena ni mmoja wa wazee walioteuliwa na kamati. Binti haolewi bila baba kukubali. Baba akisema ndiyo, binti atasema nini? Wakakubaliana waje kwa utaratibu, na kuku, na kifungua mdomo, wasije wakaonekana wahuni.

Nimeishi na watu wengi na nimeona posa za kila aina. Sahihi kuposwa sijawahi kuona. Lakini walikuja kwa heshima, na mimi nikawasikiliza kwa heshima.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "matundu ya ribiti hayo, kwani wewe kwenye malori hutoboi ukakosea?"

"Nakosea."

"Ukikosea unafanyaje?"

"Natoa bati lote naweka jingine."

Akamega ugali. Mtani akaingilia. "Wewe unatoa bati kwa sababu bati unalipata mtaa wa pili. Hao wazungu wana kompyuta. Wametengeneza ndege toka babu yako anakimbizwa na babu yangu."

"Babu yako alikuwa anakimbia mbele. Hata vumbi lilikuwa lake."

Mke wangu akacheka kule jikoni. Mwenyekiti hakucheka. Akashusha sauti akasema neno lake la pili, na hilo ndilo lililomleta. Binti bado mdogo kazini. Akiondolewa kwa ukaidi, nani atamchukua? Mimi kama baba nimwokoe. Nipige simu tu niseme, mwanangu, wakubwa wameshaamua, tia sahihi. Yeye atabaki na kazi yake, mji utapata ndege, na mama atakwenda kumwona Jumamosi.

Aliposema hilo la mama, mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

Siwezi kudanganya kwamba suti ilikuwa imenitoka akilini. Ilikuwa inaning'inia mlangoni, vifungo vitatu kila mkono. Na miguu ya mke wangu nilikuwa naijua.

Nikasema, "Nitampigia. Nitamwuliza swali moja, na nyinyi mtasikia."

Nikaweka simu mezani, sauti nje, kati ya bakuli la maharage na kreti ya soda.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Nina wageni, wanakusikia. Swali ni hili. Mama yako akipewa kiti cha kwenye mlango huo, wewe ungekaa pembeni yake, mkaruka?"

Hakufikiri. "Hapana, baba. Mimi nisingekaa, na mama nisingempandisha."

"Hata kama ndege inaweza kufika?"

"Inaweza kufika. Inaweza kufika hata mara mia. Mimi nakagua ile siku ambayo haitafika."

"Basi usitie."

Kisha akasema, sauti imepungua, "Wataniondoa, baba. Hawatanii."

"Wakikuondoa, karakana ipo. Utakagua malori."

"Mafundi wako watanikimbia."

"Watakaokimbia ndio nataka kuwajua."

Akacheka kidogo, akamsalimia mama yake, simu ikakatwa.

Mwenyekiti alinawa mikono ingawa chakula kilikuwa kimebaki. Akasema nimeuangusha mji. Nikamwambia hapana, bado kuna njia. Kwangu hapa aliyefunga na aliyekagua wanapanda safari ya kwanza. Kama kamati inaona ndege haina shida, kamati ipande. Yeye mwenyekiti akae kwenye mlango huo na mke wake na watoto wake, waende angani wazunguke, wakishuka nampigia binti hapohapo.

"Mimi nina presha," akasema mwenyekiti.

"Mtani?"

"Mimi ni fundi cherehani," mtani akasema. "Hata suti yako nimekushonea, sikusema nitaivaa."

Waliondoka. Soda walibeba. Kuku walimwacha, labda kwa kuchanganyikiwa, na kwa kuwa posa ilikataliwa nilimtuma mtu amrudishe. Mwenyekiti akasema hamtaki. Kuku akatagia chini ya mashine ya kuchomelea.

Jumamosi ilifika na ndege haikufika. Wacheza lizombe waliokuwa wamefanya mazoezi wiki nzima walicheza hivyohivyo, uwanja mtupu. Mjini walisema binti wa fundi ametunyima ndege. Mtu mmoja alisimama nje ya geti langu akasema ndivyo walivyo, hata bodi za mzee huyu hazitoki kwa wakati. Hilo ni kweli.

Binti aliondolewa. Hawakumfukuza, walimpa kazi ya kukagua mitungi ya kuzimia moto kwenye maofisi. Jioni alikuwa ananipigia na kuniambia mtungi wa ghorofa ya pili ni mzima. Mimi namjibu vizuri. Mama yake akichukua simu alikuwa anaongea naye muda mrefu, na akimaliza anakaa tu na simu mkononi. Jeti ilikuwa imesimama kwenye banda la ndege huko Dar, hakuna mkaguzi mwingine aliyetaka kuwa wa kwanza kuandika pale alipokataa mwenzake. Tulipanda mahindi, tukapalilia, yakaanza kukauka shambani, bado imesimama.

Hatimaye kiwanda kikaleta mafundi wake. Walifungua fremu yote. Walipomaliza kuangalia walipiga simu kwao, na kwao wakafungua nyingine zilizotoka mstari uleule wa kazi, wakakuta matundu yaleyale. Fundi wao mmoja, au mashine yao moja, sijui, alikuwa anatoboa vibaya na kupiga rangi, na waliokuwa wanakagua walikuwa wanakagua rangi. Wakatoa fremu, wakaweka nyingine. Yaani wametoa bati lote. Binti akarudishwa kwenye ndege. Hakuna aliyemwomba radhi, walimpa tu kofia yake na tochi.

Alikagua upya, akatia sahihi. Halafu akawaambia wakubwa wake kwamba safari ya kwanza anapanda. Walimwuliza ni kanuni ya wapi. Akawaambia ya Songea.

Siku ilipokuja nilikuwa uwanjani na suti yangu, na mke wangu ameshika rozari. Mwenyekiti alitoa hotuba, akasema kamati ilisimamia usalama tangu mwanzo. Nilipiga makofi. Binti alishuka ngazi amevaa fulana ya kazi, akaja mpaka kwetu, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Mlango?" nikauliza.

"Umekaa."

Tulipanda. Aliomba tupewe viti vya nyuma, yeye katikati, mama upande wa dirisha, mimi upande wa njia, mlango uko hatua chache nyuma yangu. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, tumbo likabaki Songea. Mke wangu akaacha rozari, akamwangalia binti. Binti alikuwa amelala, kichwa kimeinama, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea juu ya mapaja.

"Amelala," mke wangu akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Basi na mimi nafumba macho."

Wakalala wote wawili mpaka Dar es Salaam. Mimi sikulala. Niligeuka mara kwa mara, lazima mtu mmoja aangalie mlango.