Nilifunua Kapu la Mama Keji

Sifa ni za Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na meno, maana mchungaji wetu amepoteza jino lake kwa sababu yangu.

Nimekosa, jamani! Mimi ni mzee wa kanisa hapa Gumbo, na nimenyamaza miezi mitatu.

Kamati yetu ilikuwa inapanga chakula cha shule ya kanisa kwa miaka kumi ijayo. Makaa yanazidi kuwa ghali na miti inaisha. Basi Mama Keji, mpishi mkuu, akaleta kapu lililojazwa vitambaa na majani makavu. Alichemsha maharagwe kidogo, akaifukia sufuria humo.

"Yataiva yenyewe bila moto kufikia mchana," akasema. "Ila msifunue! Joto likitoka, basi."

Yakiiva, kamati ingepitisha makapu. Yasipoiva, wanawake wangebaki na moshi.

Nikaachwa kulilinda. Mimi, ninayefundisha subira kila Jumapili!

Haikupita nusu saa. Nikafunua kidogo tu, nione. Mvuke ukanijaa kwenye miwani. Kisha nikakumbuka sijayaombea, nikafunua tena. Sala ndefu, wapendwa! Mara ya tatu nikaonja. Mara ya tano sina hata kisingizio.

Mezani, mchungaji akauma. Ko! Jino la mbele likaanguka kwenye sahani.

"Mama Keji," katibu akauliza, "haya ni ya kula ama ya kupanda?"

Watu wakacheka hadi machozi. Mama Keji hakucheka. "Mzee, ulifunua?"

"Mimi? Hata kidogo!"

Ee Mungu! Kamati ikapitisha makaa. Miaka kumi ya makaa, kwa sababu ya mikono yangu! Tangu hapo kila nikipita jikoni namsikia yule mama akikohoa, nami naongeza mwendo.

Juzi nikashindwa. Nikamwendea. "Mama, nilifunua. Mara tano."

"Tano? Mimi nilidhani mbili!" Akacheka, akajifuta macho. "Kamati inakaa tena Jumatano. Utasimama useme yote mbele ya mchungaji. Na safari hii kapu nitalikalia mwenyewe."

Nitasema.

Ndugu msomaji, ukikabidhiwa kapu la mtu, kaa mbali nalo! Ukitaka kukiombea chakula, omba kikiwa kimefunikwa. Mungu anasikia vilevile. Naye akubariki, akujalie maharagwe laini na jiko lisilo na moshi.