Picha ya Siku ya Kumi na Sita

Mnisamehe nikikasirika katikati ya habari hii. Mimi ni mtu wa hasira tangu utoto, muulizeni yeyote mtaani kwetu Nguba, lakini safari hii hasira yote ni juu yangu mwenyewe na sina pa kuipeleka. Dada yangu mkubwa, yaya Olive, akiyasoma haya, basi ayasome. Nimechoka kuogopa.

Naitwa Cédric Mushagalusa. Nina miaka thelathini na sita, ni karani katika ofisi ya chuo kimoja hapa Bukavu, chuo ambacho sikitaji kwa sababu hakina kosa. Kazi yangu ni kupokea mafaili ya wanafunzi, kuyapiga muhuri na kuwaambia warudi kesho. Sina mke, na habari hiyo ya mke tuiache. Nilichokuwa nacho ni blogu. Niliifungua ili kuonyesha kwamba Bukavu si matope na vita peke yake, na kwa miaka mitano ilisomwa na watu kumi na mmoja, wengi wao wa damu yangu.

Kisha mwanablogu mmoja wa Goma akatangaza shindano: picha moja kila siku, mwezi wote wa kumi, siku thelathini na moja. Kila siku ilikuwa na jina lake. Mlango. Kiatu. Kitu cha njano. Sheria ilikuwa moja tu, naye aliiandika kwa herufi kubwa: picha ipigwe siku ile ile. Si ya jana, si ya mwaka jana. Nikajiandikisha.

Weee, na nilivyoingia! Siku ya mlango nilipanda mtaa wa Kadutu alfajiri, nikapiga mlango wa bati wa fundi viatu mmoja, watu mia mbili wakautazama. Siku ya kiatu nilipiga viatu vya wanakwaya, vimejaa matope, vimepangwa kwenye ngazi ya kanisa. Watu mia sita. Walioko Ubelgiji na Kanada wakaanza kuniandikia, "Kaka, umenirudisha nyumbani." Nikaanza kutembea kama mtu anayejulikana. Wanafunzi wanapanga foleni mlangoni, mimi nasoma maoni chini ya meza. Kiburi kilinipanda kichwani, na kichwa chenyewe hakikuwa kikubwa.

Sasa nimlete maman. Maman yetu Emérence anakaa Mudaka peke yake tangu papa, baba yetu, afariki. Tumemwomba mara ngapi ashuke mjini! Jibu lake ni moja: "Mujini nitalima wapi, mu sahani?" Basi sisi wawili tulioko Bukavu, mimi na dada yangu mkubwa Olive, tuligawana Jumapili. Moja yake, moja yangu. Ndugu yetu Barthélemy yuko Lubumbashi, yeye zamu yake ni kupiga simu. Na simu ya maman ni ile ndogo, anaichajisha kwenye duka lenye sola huko barabarani, siku tatu inaita, siku nne imekufa. Simu ikinyamaza hatushtuki. Tunachotegemea ni zamu. Asiyeweza kwenda anasema mapema, mwenzake anaenda. Tuliahidiana hivyo siku tuliyomzika papa, mbele ya watu.

Siku ya kumi na sita ya shindano iliangukia Jumapili yangu. Na jina la siku lilikuwa nini? "Mtu aliyenilea." Ungesema limepangwa mbinguni. Ningepanda Mudaka, ningekula, ningempiga maman picha, basi, kazi imekwisha.

Saa mbili asubuhi Olive akaniandikia: "Unaenda kwa maman ao niende miye? Niko na nafasi." Nikajibu, "Niko njiani." Nilikuwa kitandani. Picha yangu ya Jumamosi, ya akina mama wa kisiwa cha Idjwi wakipakua mananasi, ilikuwa imefikisha maoni tisini, na mimi nilikuwa namjibu kila mmoja kwa jina. Saa tano mvua ikaanza, mvua ya mwezi wa kumi isiyo na adabu. Nikasema nitatoka ikikatika. Ilikatika saa nane. Nikasema sasa barabara ni matope, nikifika saa kumi nitarudi lini? Nikasema nitaenda Jumapili mbili mfululizo, nimfidie. Mvivu hakosi hesabu nzuri.

Saa kumi na mbili za jioni picha ilikuwa inangojewa. Nikaanza kuchimba ndani ya telefone, na nikaipata. Ilikuwa ya mwezi wa saba, sikuwahi kumwonyesha mtu. Maman ameketi uani, fimbo mkononi, anapiga maharagi makavu, maganda yametapakaa hadi mlangoni, naye anacheka meno yote kwa sababu jogoo wake alikuwa amenifukuza. Picha tamu, nasema kweli. Nikaandika chini yake: "Leo, Mudaka. Mama yangu. Mikono iliyonilea." Neno "leo" nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Kwa hiyo mtu asinitetee kwamba niliteleza.

Watu elfu mbili waliiona. Barthélemy akaandika: "Merci, ndugu. Tangu jana namupigia maman, haishiki, roho ilikuwa juu. Sasa nimemuona anacheka, leo nitalala." Olive akaweka moyo mwekundu, kisha akaongeza: "Kesho napita njia ya huko kuleta muzigo, nilitaka nishuke nimuone. Kama umetoka kwake, naendelea tu na gari." Nikamjibu, "Iko muzuri, usisumbuke." Maneno hayo bado yako ndani ya telefone yangu, siwezi kuyafuta na siwezi kuyasoma.

Jumatatu, ofisini, likaja oni la msomaji mmoja wa huko Walungu. "Kaka, Mudaka munavuna maharagi mwezi wa kumi? Huku kwetu ndiyo tunapanda." Nikasikia moto usoni, na chumbani nilikuwa peke yangu. Kila mtoto wa Mushi, wa kabila letu, anajua kwamba wakati ule mbegu inaingia udongoni, maharagi makavu hayako uani kwa mtu. Mimi mwenyewe nilikua nikibeba kikapu cha mbegu nyuma ya maman, nadondosha mbilimbili katika kila shimo. Muhuri umenitoa hata akili ile! Nikalifuta oni la yule bwana. Kisha nikamfungia kabisa asiandike tena kwangu, mtu wa watu, aliyesema kweli. Jina la siku ile lilikuwa "kitu cha duara." Nikapiga picha ya muhuri wangu, nikapongezwa.

Jumanne saa moja asubuhi namba nisiyoijua ikaniita. Alikuwa Pascaline, jirani wa maman.

"Cédric, maman yako alianguka. Alianguka tangu siku ya Mungu. Njo namukuta sasa hivi, iko chini kando ya kitanda."

"Tangu Jumapili?"

"Siku ya Mungu mangaribi nilisikia sauti kwake. Nikasema ni mutoto wake amekuya, banazungumuza, niende kuwaharibia nini? Jana nilikuwa shambani siku muzima. Cédric, si ilikuwa siku yako?"

Nikasema, "Nakuja," nikakata.

Aliteleza kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mvua ilipoanza. Akajivuta kwa matako hadi ndani, akashindwa kupanda kitandani. Usiku mbili sakafuni, akinywa maji ya bidon, dumu la plastiki lililokuwa karibu na mkono wake. Usiku ule wa kwanza, wakati yeye anaita na jirani anadhani anazungumza na mimi, mimi nilikuwa nahesabu watu elfu mbili. Nilipofika na gari la kukodi alikuwa mwepesi mikononi mwangu, nguo zimemlowa, na yeye anaona haya kwamba namwona hivyo. Yeye ndiye aliyeona haya! "Usiniangalie, mutoto wangu," alisema, "nipe kwanza kitenge."

Hospitalini wakasema mfupa wa nyonga umevunjika, na zile siku mbili zimeharibu zaidi. Atatembea na fimbo, kama atatembea. Shamba la mteremkoni asilifikirie tena. Maman alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: mbegu alizokwisha kuloweka, nani atazipanda?

Blogu yangu ilibaki siku ya kumi na saba. Watu waliuliza kama niko mzima.

Jumatano Olive alikuja hospitalini kutoka sokoni, vumbi la magunia bado mikononi. Olive anauza maharagi Kadutu. Akakaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine. Akafungua telefone yake, akaiweka juu ya shuka, mbele yangu. Maman yuko pale anacheka katikati ya maganda. Olive akaanza kusema polepole, na Olive akisema polepole jua mambo yameharibika.

"Miye nauzisha maharagi sasa miaka kumi na mbili. Kwanza niliangalia tu uso ya maman, sasa naona maganda: hii ni ya mwezi wa saba. Uniambie hapa, mbele ya maman. Siku ya Mungu ulienda ao haukuenda?"

"Yaya..."

"Sitaki yaya. Ulienda ao haukuenda? Juu Jumatatu nilipita pale barabarani, Cédric. Niliona mupaka migomba ya nyumbani. Sikushuka mu gari juu ya picha yako."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika mwisho na mimi nilikuwa bado natafuta mahali pa kukanyaga. Nilijua natakiwa kusema neno moja tu, "sikuenda," na mdomo haukufunguka. Niliogopa. Niliogopa Olive, niliogopa Barthélemy, niliogopa mjini watasema nini. Maman ndiye niliyemfikiria mwisho.

"Alikuya," maman akasema.

Sote wawili tukageuka.

"Olive, acha mudogo wako. Alikuya, nikamupikia, akakula, akaenda. Miye nilianguka kiisha yeye kuenda."

"Maman, na picha ya mwezi wa saba?"

"Miye najua mambo ya picha? Atakuwa aliweka yenye nilikuwa muzuri. Sasa hivi unaona niko muzuri?"

Olive alimtazama maman, akanitazama mimi. Si mjinga, Olive. Akachukua bidon tupu chini ya kitanda, akasema anaenda kutafuta maji uani, akatoka. Viatu vyake nilivisikia mpaka mwisho wa koridori.

Nikapiga magoti. Nilitaka kusema, maman, unisamehe, lakini yeye akaniwekea mkono mdomoni, mkono mkavu wenye harufu ya dawa.

"Simama, atarudia sasa hivi. Akikuuliza nilikupikia nini, useme lengalenga na sambaza. Usichanganye. Ule mutoto iko na akili."

Lengalenga ni mchicha wetu, sambaza ni dagaa wa ziwani. "Maman, kwa nini niseme lengalenga?"

Akanitazama kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi asiyejua faili lake liko wapi.

"Juu njo nilikuwa nashuka kuchuma wakati nilianguka. Sambaza zilikuwa tayari mu chungu. Si ilikuwa siku yako?"

Nimeona haya maishani mwangu. Nimewahi kufukuzwa darasani mbele ya wasichana, nimewahi kukataliwa ukweni na barua yangu kurudishwa. Hayo yote yalikuwa mchezo. Pale nilitamani ukuta wa hospitali uniangukie, mimi peke yangu, maman abaki. Mwanamke amelala usiku mbili sakafuni kwa sababu ya mboga yangu, na sasa ananifundisha namna ya kudanganya vizuri, asije mtu akaniaibisha.

Mlango ukafunguka. Olive akaweka bidon chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Hakuniangalia.

"Cédric, alikupikia nini?"

Nilikuwa bado na nafasi. Nataka mjue kwamba nilikuwa nayo, na niliiona.

"Lengalenga," nikasema. "Na sambaza."

"Ilikuwa tamu?"

Maman alikuwa ananiangalia kutoka kwenye mto, anangoja na yeye kusikia.

"Ilikuwa tamu sana," nikasema.